Hawezi, au Hafanyi? Kupima Wazee wa Lamu Ndani ya Nyumba Zao

Fomu nyingi za kupima kama mzee anajimudu huuliza anachofanya na asichofanya, kisha hujumlisha. Katika nyumba ya Lamu hesabu hiyo hupotosha kwa urahisi. Mzee anayetekewa maji, anayeandaliwa sinia na kununuliwa dawa na mjukuu huenda ni mzima wa viungo na wa akili. Anahudumiwa kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba. Jirani yake anayehudumiwa vivyo hivyo huenda alipoteza uwezo mwaka jana na hakuna aliyeng'amua, kwa kuwa heshima iliziba pengo kabla halijaonekana. Kwenye karatasi wanapata alama sawa. Mmoja hahitaji chochote. Mwingine anahitaji matibabu, vifaa na mpango wa kumkinga asianguke.

Nionavyo, tathmini ya tiba ya kazi, yaani tiba inayomwezesha mtu kufanya shughuli zake za kila siku, isiyomtenga asiyeweza na asiyefanya haifai kuingia kwenye faili, hata kama fomu yenyewe inajulikana dunia nzima. Na kuwatenga hakufanyiki juu ya meza ya hospitali. Hufanyika nyumbani, mzee akishika kata, sufuria na bahasha ya dawa zake mwenyewe.

Vipimo vyenyewe si vibaya. Kile cha Katz cha mwaka 1963 kina mambo sita: kuoga, kuvaa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani hadi kitini, kujizuia haja, na kula. Cha Barthel, kilichochapishwa mwaka 1965, kina mambo kumi na jumla ya alama 100. Cha Lawton na Brody cha mwaka 1969 kinapanda daraja la pili: simu, ununuzi, kupika, kutunza nyumba, kufua, usafiri, dawa na fedha. Vimedumu kwa sababu ni vifupi na havihitaji mitambo. Lakini kila kimoja kilizaliwa mahali pake. Hicho cha Lawton kilitungwa Philadelphia, na katika matumizi yake ya awali mwanamume hakupimwa kwa kupika, kutunza nyumba wala kufua: mwanamke alihesabiwa alama nane, mwanamume tano. Ilikubaliwa tangu mwanzo kwamba kazi isiyo ya mtu haimpimi mtu huyo. Leo fomu hupigwa fotokopi bila tahadhari hiyo, na bwana wa mtaa wa Mkomani, Lamu, ambaye hakuwahi kuwasha jiko maisha yake yote anaandikwa "tegemezi" kwenye mstari wa kupika.

Tazama Barthel. Ngazi zina alama 10. Mzee anayejimudu kwa kila kitu isipokuwa ngazi hupata 90, na 90 machoni pa daktari ni habari njema. Lakini akiwa anaishi ghorofani katika nyumba ya mawe yenye ngazi kali, vidato visivyolingana na upande mmoja tu wa kushikia, huyo ni mfungwa. Haendi msikitini, haketi barazani, haendi zahanati mpaka abebwe. Mwenye 75 anayelala chini, mlango wake ukifungukia dakani, kwenye kibaraza cha kuingilia, huenda anazungumza na watu kutwa nzima. Jumla haisemi lolote kuhusu hayo. Basi jumla iandikwe, lakini chini yake ziwekwe alama za kila kipengele, na kando ya ngazi yaandikwe mambo matatu: idadi ya vidato, kimo cha kidato kirefu kuliko vyote, na upande wa kushikia wakati wa kushuka. Kushuka kunahitaji kuandikwa peke yake, kwa sababu ukuta uliokuwa kwenye mkono mzima wa aliyepata kiharusi wakati akipanda huwa upande wa mkono mgonjwa akishuka. Na kidato cha sentimita 17 na cha sentimita 25 ni kazi mbili tofauti kwa goti lenye maumivu.

Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa mwaka 2001 kuhusu utendaji na ulemavu, lilitenga mambo mawili: kile mtu anachokiweza akipimwa katika mazingira sawa kwa wote, na kile anachokifanya hasa mahali anapoishi. Tofauti baina ya hayo mawili ndiyo inayotafutwa. Ikiwa anaweza zaidi ya anachofanya, kuna kinachomzuia: hofu ya watoto, kandambili zilizolika, giza la ukumbi, au desturi ambayo yeye mwenyewe anaipenda na hataki iguswe. Ikiwa anafanya zaidi ya vipimo vinavyotabiri, ana mbinu zake. Bibi mwenye mtoto wa jicho hutembea nyumbani kwa kuijua: hatua nne mpaka mlangoni, mkono kwenye kasha, kisha ukuta. Wanaokuja kumsaidia na kuhamisha lile kasha ili njia iwe pana wanamnyang'anya macho aliyobakiwa nayo. Kabla ya kusogeza chochote, mwangalie akipita.

Maswali kwa jamaa yanahitaji uangalifu mkubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukiuliza "Anaweza kuoga?" utajibiwa "Alhamdulillahi, anaweza," na jibu hilo ni adabu. Uliza mara ya mwisho. Mara ya mwisho alipooga ilikuwa lini? Nani aliteka maji? Alikuwa amesimama au ameketi? Mgongo ulisuguliwa na nani? Muulize anayefanya kazi hiyo hasa, awe mkaza mwana, mjukuu au msichana wa kazi, na umuulize pembeni, kwa sababu mbele ya mtoto mkubwa wa kiume hatasema. Kisha liko swali linalofaa kuliko mengi yaliyochapishwa: tuseme nyote mmekwenda harusini Pate na mtarudi kesho kutwa; mzee amebaki peke yake na kila kitu kimo ndani. Atakula nini? Dawa atazijuaje? Usiku akitaka kwenda chooni atapita wapi? Familia ikicheka kwa kuona ni jambo jepesi, pengine ni asiyefanya. Wakinyamaza na kutazamana, umeshajua pa kuanzia. Mwishowe linganisha na yeye mwenyewe wa mwaka jana, usimlinganishe na wazee wengine wa mtaa.

Baada ya maneno, macho. Saa nzuri ni baina ya saa tatu na saa tano asubuhi, kifungua kinywa kimeshaliwa na adhuhuri bado. Mwezi wa Ramadhani andika kwamba amefunga na dawa zimehamishiwa futari na daku; mzee mwenye sukari au presha anayepimwa alasiri akiwa amefunga hafanani na yule wa siku nyingine. Alale dakika tano, mpime presha, asimame, mpime tena dakika ya kwanza na ya tatu. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, kizunguzungu chake kina sababu, na yule anayeinuka kitandani kuwahi alfajiri huanguka hapo hapo. Huyo arudi kwa daktari dawa zikaguliwe kabla hujaanza kumfundisha mizani.

Kipimo cha kuinuka na kutembea kinataka kiti chenye mikono, kimo cha sentimita 46 hivi, na mita 3 za kunyooka. Mita hizo katika nyumba za kale zinapatikana: vyumba ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, lakini kwa marefu vinatosha. Ainuke, atembee hadi alama, ageuke, arudi, aketi. Kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa hutumia sekunde 12: anayefika hapo au kupita huhesabiwa kuwa na hatari ya kuanguka. Kinachoharibu kipimo hiki huku kwetu ni kiti cha plastiki. Miguu yake huteleza kwenye sakafu laini mzee anapojisukuma, sekunde zikaongezeka kwa kosa la kiti, kiegemeze ukutani. Avae viatu vyake vya kila siku na atumie bakora yake kama anayo. Na zaidi ya sekunde, mtazame anapogeuka. Anayegeuka kwa hatua ndogo nyingi, au anayesimama kwanza ndipo ageuke, atapata taabu uchochoroni punda mwenye mzigo akimjia na ikabidi ajibanze ukutani upesi.

Kuna jambo ambalo Katz, Barthel na Lawton wote hawaliulizi: kuinuka kutoka chini. Mtu anayekula kwenye mkeka, anayekaa juu ya mbuzi kukuna nazi na anayesujudu kila siku huinuka kutoka sakafuni mara nyingi kuliko anavyoinuka kitini. Asipoweza, anaacha mlo wa pamoja kabla hajaacha kuoga, na hakuna fomu itakayolinasa hilo. Mpime mwishoni, viungo vikiwa vimepata moto, na kiti imara kikiwa karibu. Usimpime aliyevunjika nyonga, aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga, au aliyepata kizunguzungu aliposimama. Andika njia aliyotumia: alipiga goti moja, alitambaa hadi ukutani, alishika bega la mtu. Njia hiyo ndiyo utakayoifanyia kazi baadaye.

Udhu unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu umekusanya mengi mahali pamoja. Viganja, kusukutua, pua, uso, mikono hadi viwikoni, kupaka kichwa na masikio, miguu hadi kwenye vifundo. Kuinamia birika na kuinua kata iliyojaa kunaonyesha nguvu ya kiganja na mgongo. Kufikia kiwiko na kichwa kunaonyesha bega. Kuosha mguu akiwa amesimama kwa mguu mmoja pembeni mwa maji ndiko kunakoangusha watu, na mzee anayefanya hivyo ilhali kipo kibao cha kuketi anakupa picha ya uamuzi wake pia. Mfuatano na hesabu ya mara tatu vinaonyesha umakini. Ila usiugeuze udhu kuwa maigizo. Omba ruhusa, awepo mpimaji wa jinsia yake, na umtazame wakati wa swala ulipoingia kweli.

Na usidanganyike na matokeo mazuri. Jambo lililofanywa mara tano kwa siku kwa miaka 60 hukaa mwilini muda mrefu hata kumbukumbu ikiwa imeanza kuondoka. Mzee akikosea udhu, akaruka hatua au akaanza upya bila kujua ameshamaliza, hilo ni zito. Muulize mwenza wake kama alikuwa hivyo tangu ujana, maana wapo watu wenye wasiwasi wa udhu maisha yao yote. Lakini akiupatia, haijathibitika kwamba ataweza kupanga dawa mpya aliyopewa jana. Kwa kupima akili inayopanga, mpe kazi yenye jambo geni ndani yake.

Dawa ndiyo kazi hiyo. Mwambie akuonyeshe za leo usiku. Asikueleze kwa mdomo. Azitoe na kuziweka kiganjani. Bahasha za karatasi za duka la dawa huandikwa 1 x 3 au 2 x 2 kwa kalamu, na si kila mzee anajua kwamba namba ya kwanza ni vidonge na ya pili ni mara ngapi kwa siku. Wapo wanaozisoma kwa kuzidisha. Angalia bahasha mbili za dawa moja zilizotoka maduka mawili, angalia kama vidonge vilivyobaki vinalingana na siku zilizopita, angalia kama kifuniko cha chupa kinafunguka kwa vidole vyake. Kosa la macho, kosa la kusoma, kosa la kumbukumbu na kosa la vidole yote huishia kwenye alama moja ya sifuri, na kila moja lina dawa yake.

Chai ya tangawizi kwa watu wawili ni kazi ya robo saa inayotosha kwa mwanamke aliyezoea jiko. Kama jiko ni la gesi, nani anatangulia, kiberiti au gesi? Sufuria yenye maji ya moto anaiinua kwa mkono mmoja au anamimina kwa upawa? Alisahau majani akakumbuka mwenyewe, au alikumbushwa? Weka alama nne tofauti: anatumia juhudi kiasi gani, anapoteza muda na hatua kiasi gani, yuko salama kiasi gani, na anahitaji msaada gani. Mwanamume asiyepika mpe kazi yake. Anayeshona kofia atunge uzi, afuate vitobo, akuonyeshe alipokosea. Anayefuma wavu atengeneze pande lililotatuka.

Fedha nitazisema kwa ufupi. Mpe noti na orodha ya vitu vitatu, akuhesabie chenji. Kuhusu M-Pesa, asome ujumbe uliokwisha ingia na akueleze umetoka kwa nani na ni kiasi gani. Namba ya siri usiiulize kamwe, wala asitume fedha kwa ajili ya kipimo. Ila uliza nani mwingine anaijua namba hiyo, na fedha ya Inua Jamii, zile shilingi 2,000 za mwezi ambazo serikali huwapa wazee, huchukuliwa na nani.

Kuoga na choo havitazamwi mtu akiwa uchi. Afanye mwigo mkavu akiwa na nguo zake: aingie, afunge mlango, apandishe kikoi au leso, achutame, afikie kopo kwa mkono wa kushoto, ainuke. Hapo ndipo unapopima kidato cha mlangoni, nafasi baina ya shimo na ukuta, na upande mlango unakofungukia. Mlango unaofungukia ndani na mzee akaanguka nyuma yake haufunguki tena, bawaba zihamishwe. Stuli ya plastiki juu ya sakafu yenye maji hutanua miguu, bora kigoda kizito cha mbao chenye raba chini. Na chuma cha kushikia kisipigiliwe ovyo: ukuta wa mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa hauishiki skrubu kama saruji, plagi hulegea, na chuma kikang'oka siku ile ile kinapohitajika. Kifungwe kwenye nguzo au kivuke ukuta na kukazwa upande wa pili, kwa shauri la fundi wa nyumba za kale, kwa kuwa Mji wa Kale ni urithi uliohifadhiwa.

Aliyepooza mkono wa kulia asianzishiwe mazoezi ya kula kwa kushoto kabla hajaulizwa anavyotaka. Wengine watakubali kijiko cha kushoto kwa sababu ya udhuru. Wengine watapendelea kulishwa tonge kwa miezi mitatu huku mkono wa kulia ukizoeshwa. Wote wawili wako sahihi. Vivyo hivyo kuhusu kuswali kitini: rukhsa kwa asiyeweza ipo, lakini hilo alisikie kwa mwalimu wake, si kwa mpimaji.

Kwenye kumbukumbu, ondoa kwanza vizuizi. Masikio yana nta? Miwani iko wapi? Anasikia Kiamu, lahaja ya Lamu, vizuri kuliko Kiswahili cha hospitali? Mzee asiyejua tarehe ya kalenda ya ukutani lakini anajua huu ni mfungo sita na maulidi yamekaribia, na kwamba adhuhuri imeshaswaliwa, hajapotea katika wakati. Nchi jirani ilishatangulia kulishughulikia jambo hili: watafiti katika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro, walitunga maswali ya shughuli za kila siku yanayofuata maisha ya wazee wa kule, ili kugundua ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu kwa watu ambao wengi hawakusoma. Pwani yetu inahitaji orodha yake. Na mabadiliko ya ghafla, ya siku mbili au tatu, mzee akawa anaweweseka au amezubaa, si uzee na si kazi ya fomu. Ni maambukizi, upungufu wa maji, dawa au kiharusi mpaka ithibitike vinginevyo, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama boti ya mwisho imekaribia kuondoka.

Ripoti iandikwe kwa namna ambayo atakayeisoma bila kukuona ataweza kufanya jambo. "Barthel 75, anahitaji msaada kiasi" haimsaidii mtu. Linganisha na hii: "Anavaa kikoi mwenyewe akiwa ameketi. Kanzu huvalishwa, kwa sababu mkono wa kulia haupiti bega. Alipoelekezwa kutanguliza mkono mgonjwa kisha kichwa, aliivaa kwa kusaidiwa mgongoni tu. Mkewe ameonyeshwa. Lengo lake ni kuvaa mwenyewe kwa Ijumaa." Kwa lengo hilo mpe kete kumi, aonyeshe anavyoweza sasa na anavyoridhika, ukirudi baada ya wiki sita mpe kete zile zile. Kipimo cha Kanada kinachotumia mfumo huu huhesabu ongezeko la alama mbili kuwa badiliko la maana.

Yote haya yanachukua ziara mbili za saa moja na nusu, na wataalamu wa tiba ya kazi katika visiwa hivi hawatoshi kwa nyumba zote. Hapo ndipo wahudumu wa afya ya jamii waliogawiwa mikoba yenye mashine za presha mwaka 2023 wanapofaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 umewawekea maswali mafupi: anaweza kuinuka kitini mara tano bila kutumia mikono ndani ya sekunde 14? Anakumbuka maneno matatu? Amepungua zaidi ya kilo 3 katika miezi mitatu? Wakiongeza lile swali la harusi ya Pate, na la kuinuka kutoka mkekani, watajua nani aandikwe kwenye daftari la mtaalamu kwanza. Kaunti iwatengee wataalamu hao siku moja kwa wiki na nauli ya boti ya kufika Faza, Siyu na Kipungani, kwa kuwa mzee anayehitaji kupimwa zaidi ndiye asiyeweza kushuka gatini maji yakiwa yamekupwa.